Rangi Isiyong'aa

Ukimwuliza mtu gari lililopakwa rangi vizuri ni lipi, aghalabu atakujibu kwamba ni lile linalong'aa hata ukajiona kama kwenye kioo. Jibu hilo si baya, ila halitoshi. Wako watu wanaounda vigari vya mfano, vile vya plastiki vinavyounganishwa kipande kwa kipande, ambao hutaabika siku nzima ili sehemu fulani ya kigari ising'ae hata kidogo. Kazi yao hiyo ndogo yatuletea swali kubwa: je, unyenyekevu ni kukosa mng'aro tu, au ni jambo lenye kufanyiwa kazi?

Tuchukue mfano wa Datsun 240Z, gari lililoshinda mashindano ya Safari Rally ya Afrika Mashariki mwaka 1971 likiendeshwa na Edgar Herrmann, na tena mwaka 1973 likiendeshwa na Shekhar Mehta. Bodi yake ilikuwa nyekundu, lakini boneti ilipakwa rangi nyeusi isiyong'aa. Sababu haikuwa urembo. Jua likipiga juu ya boneti yenye kung'aa, mwanga hurudi machoni mwa dereva. Mng'aro, basi, humpendeza aliye nje anayetazama. Weusi ule uliofifia ulimfaa aliye ndani, mwenye safari.

Anayeunda gari hilo kwa kipimo cha 1 kwa 24, likawa na urefu wa kama sentimeta 17, hana budi kuipata hali hiyo hiyo. Rangi isiyong'aa huwa imetiwa unga laini mno wa madini, aghalabu wa jamii moja na mchanga. Ikikauka, chembe hizo hufanya vilima visivyoonekana kwa macho, na mwanga ukivipiga hutawanyika pande zote. Unga huo huzama chini ya kopo. Asiyekoroga vya kutosha atapata madoa yanayong'aa. Plastiki nayo yataka kuoshwa, kusuguliwa kwa msasa laini na kupakwa rangi ya msingi. Ndipo rangi yenyewe hupuliziwa kwa tabaka nyembamba, moja baada ya nyingine. Ikiwa nzito, hufukia mistari midogo iliyochongwa. Ikipuliziwa kutoka mbali mno, hukauka hewani na kutua kama vumbi. Unyevu ukizidi, huota ukungu mweupe.

Hapa ndipo penye fundisho. Boneti ya mzembe nayo haing'ai! Ukizitazama kwa mbali, yake na ya fundi hodari zote zimefifia. Ni kwa karibu tu utakapoona kwamba moja imefifia kwa kutunzwa, na nyingine kwa kuharibika.

Ndivyo tulivyo wanadamu. Yuko mtu mkimya kwa sababu hataki kuwatia wenzake kiwi cha macho, na yuko mkimya kwa sababu anakwepa wajibu. Wote wawili tunawaita wanyenyekevu. Katika kikao cha ukoo, shamba la mjane linagawanywa na shemeji zake, na yule anayeijua haki anainamisha kichwa, anasema, "Mimi ni mdogo tu, wazee ndio wanaojua." Watu wanamsifu kwa adabu yake, na mjane anaondoka mikono mitupu. Huo si unyenyekevu. Ni rangi iliyokauka hewani kabla ya kugusa kitu.

Liko jambo jingine wanalolijua mafundi hawa. Rangi isiyong'aa ikishikwashikwa na vidole, vile vilima husagika, na mahali pale huanza kung'aa. Hata unyenyekevu wa kweli una hatari hiyo. Usifiwe leo, usifiwe kesho, na mwenyewe aanze kuupapasa kwa fahari, mwishowe utang'aa kuliko majivuno.

Basi tujipimeje? Nadhani kipimo ni kile kile cha boneti. Haikupakwa nyeusi ili isionekane, bali ili njia ionekane. Ninaponyamaza, ninapojishusha, ninapokaa nyuma, imenipasa niulize ni nani anayeiona njia vizuri zaidi kwa sababu hiyo. Kama yupo, na nififie kwa furaha. Kama hayupo, na hasa kama yupo anayedhulumiwa mbele yangu, imenipasa kuinuka na kusema, hata nikionekana nimejitanguliza.