Maji Tunayowaachia Wengine



Vijana wenzangu, katika sura ya 34 ya kitabu cha nabii Ezekieli, Mungu anawakemea kondoo wanono. Kosa lao ni nini? Walikunywa maji safi, kisha wakayavuruga kwa miguu, wenzao wakabaki na matope. Kunywa halikuwa kosa. Kosa ni kutomjali anayekuja nyuma.

Sasa tutazame mito ya Uingereza. Mwaka 1998 Susan Jobling na wenzake walionyesha kwamba, katika mito mingi inayopokea maji ya mitambo ya majitaka, samaki madume walikutwa na mayai ndani ya korodani. Na maji yale yalikuwa yameshasafishwa! Ila mitambo ilijengwa kuondoa kinyesi na uchafu unaooza, siyo homoni. Ini letu huzifunga homoni ili zitoke na mkojo zikiwa hazina nguvu. Bakteria wa kwenye majitaka huzifungua tena, na baadhi hupita hadi mtoni.

Kiasi hicho ni kidogo mno, lakini kinadhuru. Kanada, kuanzia 2001 hadi 2003, watafiti walitia katika ziwa dogo homoni ya vidonge vya uzazi wa mpango, kama nanogramu 5 au 6 kwa lita. Nanogramu ni sehemu moja ya bilioni ya gramu! Aina moja ya samaki wadogo nusura iishe ziwani humo. Walipoacha, baada ya miaka kadhaa samaki wakaongezeka tena.

Hapa wengine wetu tunarukia: "Si mnaona? Ni vile vidonge!" Jamani, tuwe wakweli. Mafundisho ya Kanisa kuhusu uzazi wa mpango yana misingi yake. Hayahitaji kutetewa kwa nusu ya ukweli. Homoni ya vidonge ni kali, sawa. Lakini sehemu kubwa ya homoni za kike kwenye majitaka ni za asili. Mama mjamzito hutoa nyingi zaidi, na hata sisi wanaume tunazitoa. Ukimnyooshea dada yako kidole kwa ajili ya samaki, basi mnyooshee na mama aliyekubeba tumboni. Unaona hoja inavyoanguka?

Kukojoa si dhambi. Swali la Ezekieli ni hili: tukishajua, tunamfanyia nini anayekuja nyuma? Uswisi, tangu 2016, sheria inaitaka mitambo kadhaa kuongeza hatua ya kusafisha, kwa ozoni au mkaa maalumu, na gharama inachangiwa na watu wote. Hayo ndiyo manufaa ya wote, siyo maneno ya darasani tu.

Nasi tuanze na dogo. Dawa zilizopitwa na muda usizitupe chooni; muulize mfamasia. Kisha ulizia: majitaka ya mji wenu yanaishia wapi, na nani anachota maji huko chini?

Ee Bwana, utufundishe kunywa bila kuwavurugia wengine. Amina.