Mashahidi Wawili Wasiopatana



Kimondo cha Mbozi kipo Ndolezi, si mbali na kwetu Chapwa. Ni pande la chuma linalokadiriwa kuwa na uzito wa tani 16, wala hakuna aliye hai aliyekiona kikianguka. Anayetaka kujua habari zake hana budi kukichunguza chuma chenyewe. Ndivyo ilivyo kwa nyota pia. Hakuna mtu aliyekuwapo zilipozaliwa, lakini zenyewe hutoa ushuhuda.

Mwezi wa Mei na Juni, mvua zikiisha, tazameni kusini mapema usiku. Juu ya Msalaba wa Kusini, upande wa kushoto, mtaona kitu hafifu kama nyota yenye ukungu. Si nyota moja, bali ni kishada cha nyota milioni kadhaa, zimesongamana kama nyuki. Wataalamu hukiita Omega Centauri. Vishada vya namna hiyo vinavyojulikana katika kundi letu kuu la nyota ni kama 150.

Umri wa vishada hivi hupimwaje? Nyota nyingi za kishada kimoja huzaliwa karibu wakati mmoja. Iliyo kubwa huwaka kwa nguvu na kumaliza akiba yake upesi, ndogo hudumu. Ni kama nyumba zilizowasha moto jioni moja: kwa kuona ni nani aliyekwisha kuni, twajua usiku umeendelea kiasi gani.

Miaka ya 1990 palitokea mgongano mkubwa. Waliopima vishada walisema nyota zake zina miaka bilioni 14 au zaidi. Lakini mwaka 1994 waliopima kutanuka kwa ulimwengu kwa darubini ya Hubble walipata kwamba ulimwengu wote una miaka kati ya bilioni 8 na 12. Je, mtoto aweza kumzidi mama yake umri?

Ingalikuwa rahisi wakutane katikati, kila upande upunguze kidogo, mambo yaishe. Hawakufanya hivyo. Kila upande ulirudi kuchunguza kipimo chake. Mwaka 1997 satelaiti ya Hipparcos ilionyesha kuwa vishada viko mbali zaidi kuliko ilivyodhaniwa; basi nyota zake zang'aa zaidi, na umri wake ni mdogo zaidi. Mwaka 1998 ikagunduliwa kwamba ulimwengu unatanuka kwa kasi inayoongezeka, na kwa hiyo ni mzee kuliko hesabu ya kwanza. Leo ulimwengu wahesabiwa miaka bilioni 13.8, na vishada vya kale kama bilioni 12 au 13. Mtoto amerudi chini ya mama.

Wakristo wenzangu, somo hili ni letu. Wazee wawili waaminifu wanapotofautiana juu ya mpaka wa shamba, sisi hufanya moja kati ya mambo mawili. Ama twasema mmoja ni mwongo, ama twawabembeleza wapatane upesi kwa ajili ya amani. La kwanza ni dhuluma, twaliona wazi. La pili twaliita upendo. Lakini kama mjane amepoteza hatua kumi za shamba lake ili kikao kimalizike kabla ya jua kutua, hiyo ni amani ya nani? Kumshurutisha mtu aseme nusu ya alichokiona ni kumfundisha ushuhuda wa uongo, na amri ya tisa yatukataza.

Sisemi kwamba kila mtu ana kweli yake. Mpaka ni mmoja, na umri wa nyota ni mmoja. Kwa sababu kweli ni moja, hatuna haja ya kuiharakisha kwa hila. Yafaa kurudi shambani, kuuliza majirani, kutafuta mti au jiwe la zamani, na kila mmoja akague kumbukumbu yake kabla ya kukagua ya mwenzake. Kazi hiyo yaweza kuchukua miezi, hata miaka.

Wako pia wanaoogopa kwamba miaka hiyo mingi ya nyota itaivunja imani. Aliyeziumba nyota ndiye aliyetupa akili ya kuzihesabu, naye haogopi hesabu iliyofanywa kwa unyofu. Mungu atujalie subira ya kungoja kweli, na ujasiri wa kutoipunguza tunapoingoja.