Nyongeza na Lumbesa

Soko la chakula ni mahali ambapo haja ya mtu mmoja hukutana na haja ya mwingine, na kila mmoja hutaka kuondoka ameridhika. Katika Bugene, wilayani Karagwe, haja hizo hukutana juu ya neema za nchi ya migomba: mikungu ya ndizi za kupika, maharage, mihogo, dagaa wa Ziwa Victoria, na senene msimu wake uwadiapo. Mji unakua, na malipo siku hizi hupita hata katika simu ya mkononi; lakini mizani haijalishinda jicho. Mkungu hutazamwa, huinuliwa, ndipo bei hutajwa; nyanya hupangwa mafungu; maharage hupimwa kwa kopo.

Kopo likishamiminwa, biashara haijaisha. Mnunuzi husema, "Mama, niongeze kidogo," na muuzaji huchota konzi moja akaitia juu ya kipimo. Konzi hiyo ni ndogo, lakini imebeba swali kubwa. Je, ni haki ya mnunuzi au ni hisani ya muuzaji? Kama ni haki, mbona huombwa? Kama ni hisani, mbona anyimwaye hununa kama aliyedhulumiwa?

Aristotle, mwanafalsafa wa Kiyunani, aliona kwamba fedha huwezesha vitu visivyofanana kulinganishwa, na kwamba haki ya mabadilishano ni usawa. Kwa kanuni hiyo nyongeza haina mahali, maana usawa umekwisha kutimia ukingoni mwa kopo. Vitabu vya dini navyo vimewakemea wapunjao vipimo: Kurani ina sura nzima yenye jina lao, ya 83, na Mithali inaichukia mizani ya hila. Lakini kuna dhuluma nyingine, ya yule achukuaye kupita kipimo.

Dhuluma hiyo inajulikana nchini kwa jina la lumbesa. Gunia hujazwa hadi mdomoni, kisha huongezwa kilemba juu na kushonwa kwa kamba, na mkulima hulipwa bei ya gunia moja. Sheria ya Vipimo, Sura ya 340, inakataza ufungashaji huo, na mazao hayapasi kuzidi kilo 100 katika gunia. Hata hivyo mkulima mwenye deni hukubali, kwa kuwa lori likiondoka tupu, mazao yatamwozea.

Basi nyongeza na lumbesa ni ndugu wa sura moja: zote mbili ni chakula kilichopita kipimo bila malipo. Kinachozitenga si uzito, ni hiari. Nyongeza hutolewa na mkono uwezao kukataa. Lumbesa hutoka katika mkono usioweza.

Yamkini mtu atasema kwamba nyongeza nayo ni werevu tu, kwa sababu muuzaji amekwisha kuitia hesabuni alipotaja bei. Huenda ni kweli mara nyingi. Lakini hata mwenye hesabu hubaki na uhuru wa kuongeza zaidi kwa mjane au kwa mtoto aliyetumwa na sarafu pungufu, na uhuru huo hauwezi kuandikwa katika bei.

Hapo ndipo hukumu inapomrudia mnunuzi mwenyewe. Ni rahisi kumlaani tajiri wa lori. Lakini mwenye mshahara anayemshurutisha mama wa fungu la nyanya, jioni, mvua ikikaribia na fungu likiwa la mwisho, amechukua nyongeza au ameshona lumbesa ndogo? Haba na haba hujaza kibaba. Na dhuluma nayo hujaa hivyo hivyo, konzi kwa konzi. Mizani ingeweza kumzuia mpunjaji, wala haingetambua tofauti hii. Aombaye nyongeza hana budi kwanza kutazama kama aombwaye anaweza kusema hapana.