Mkaguzi Akiisha Kuondoka

Po pote panapojengwa kituo cha kuzalisha umeme, pana siku moja isiyofanana na siku nyingine. Ni siku ya ukaguzi wa mazingira. Tangu jana yake vibarua wameamriwa kufagia. Mapipa ya mafuta machafu yamefunikwa. Mitaro iliyojaa tope imezibuliwa. Gari la maji limepita mara tatu kutuliza vumbi, na hali wiki nzima halikuonekana. Mkaguzi aja, apima, aandika, apewa chai, aondoka. Kesho yake mafuta yamwagika tena mchangani, na tope lashuka mtoni kama kawaida.

Je, hapo pametendeka kosa? Wako watakaosema ya kwamba halikutendeka. Mkaguzi aliuliza, akajibiwa. Alipima, na vipimo vikawa vizuri. Hakuna aliyetamka uwongo. Sisi twadhani sivyo, nasi twapenda kuwapa wasomaji wetu sababu zetu, kwa maana jambo hili si la wahandisi peke yao. Ni la kila mtu ambaye kazi yake yaweza kumdhuru mwingine asiyemwona.

Kwanza yafaa tuelewe ukaguzi huo ni kitu gani. Kujenga kituo cha umeme wa maji ni kupasua mlima na kugeuza mto. Baruti huvunja mwamba, na kifusi chake hakina budi kuwekwa mahali. Kikitupwa ukingoni, mvua ya kwanza hukipeleka majini. Mayai ya samaki yakafukiwa na tope, na mwanamke aliye mbali huko bondeni akateka ndoo ya maji machafu asijue uchafu umetoka wapi. Mitambo mikubwa hula dizeli na kudondosha oili. Vyombo vya saruji mbichi vikioshwa mtoni, maji hugeuka makali hata samaki wakafa. Kambi ya wafanyakazi wengi ina vyoo vyake na takataka zake.

Kwa sababu hiyo Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 ilitaka miradi mikubwa ya namna hii ifanyiwe tathmini kabla ya kuanza, nayo ikampa mkaguzi wa mazingira uwezo wa kuingia mahali pa kazi, kudai nyaraka na kuchukua sampuli. Sheria hiyo hiyo ilitamka ya kwamba kila mtu aishiye Tanzania ana haki ya kuwa na mazingira safi, salama na yenye afya. Basi mkaguzi haji kwa ajili ya nafsi yake, wala kwa ajili ya ofisi yake tu. Aja badala ya wale wasioweza kuja: mvuvi, mkulima wa mpunga, na mtoto ambaye bado hajazaliwa.

Tukiisha kuelewa hivyo, twaona mara moja ubaya wa ile siku moja ya kufagia. Anayedanganywa hasa si mkaguzi. Yeye hanywi maji ya mto ule. Jioni hurudi mjini kwake. Anayedanganywa ni yule ambaye mkaguzi alisimama mahali pake. Tena uwongo hauhitaji maneno. Mchuuzi akipanga nyanya nzuri juu ya tenga na nyanya mbovu chini, hakutamka neno lo lote, lakini hakuna mnunuzi asiyejua tendo lile laitwaje.

Hata hivyo haifai kusahau upande wa pili. Wajenzi wana hoja, na hoja yao ni nzito. Umeme si anasa. Mkunga azalishaye kwa mwanga wa simu, mama akohoaye kwa moshi wa kuni, kijana fundi wa kuchomelea asiye na pa kuchomeka mashine yake, hao nao ni jirani zetu, nao wanangoja. Kila siku kazi inaposimama gharama hupanda, na mwisho wake hulipwa na mwananchi. Zaidi ya hayo, wako wakaguzi wasumbufu, watafutao kosa la karatasi na kuliruka kosa la mto. Yote haya ni kweli. Lakini tukiyapima vema, yatufundisha ya kwamba ukaguzi uwe wa haraka, wa haki na wenye maarifa. Hayatufundishi ya kwamba uwe wa uwongo. Mgonjwa mwenye haraka ya kupona hamfichi mganga kidonda chake. Wahenga walisema: mficha maradhi kifo humuumbua.

Tunao mfano katika nchi yetu wenyewe, nao wastahili kukumbukwa. Mto Kihansi huporomoka kutoka milima ya Udzungwa kuelekea bonde la Kilombero. Katikati ya miaka ya 1990, kwa fedha za Benki ya Dunia na za nchi za Ulaya, ilikuwa ikijengwa hapo kazi ya kusifiwa: bwawa dogo juu ya maporomoko, handaki ndani ya mwamba, na mitambo mitatu chini ya ardhi yenye uwezo wa megawati 180. Kwa kuwa bwawa lilikuwa dogo, ilionekana kuwa mradi huu hautaleta madhara makubwa. Tathmini ya mazingira ilikuwa imefanywa. Lakini tathmini ile haikugundua kilichokuwamo ndani ya korongo lenyewe, mahali palipolowa manyunyu ya maporomoko usiku na mchana.

Mwaka 1996, ujenzi ukiwa umekwisha kuanza, wataalamu waliokuwa wakiendelea kuchunguza mazingira ya mradi walimkuta humo chura mdogo wa rangi ya manjano, asiyefika urefu wa sentimeta tatu, asiyetaga mayai kama vyura wengi bali huzaa watoto walio hai. Hakupata kuonekana mahali pengine po pote duniani. Makao yake yote yalikuwa hekta chache tu, na uhai wake ulitegemea manyunyu yale yale ambayo mradi ulikuwa waja kuyakata, kwa kuwa sehemu kubwa ya maji ya mto ingepitishwa handakini.

Mitambo ilipoanza kazi kuelekea mwaka 2000, maji ya korongoni yalipungua kwa kiasi cha asilimia 90. Ndipo mbio zikaanza. Mwishoni mwa mwaka 2000 vyura karibu 500 walichukuliwa na kupelekwa Marekani, wakatunzwe katika bustani za wanyama. Korongoni yakafungwa mabomba ya kunyunyiza maji ili kuiga kazi ya maporomoko. Kwa muda vyura waliobaki waliongezeka. Kisha, mwaka 2003, walipukutika kwa ghafula, na ugonjwa wa ukungu wa ngozi ukatajwa miongoni mwa sababu. Mwaka 2009 ikatangazwa ya kwamba chura huyo ametoweka porini. Wale wa Marekani walizaana. Baadhi yao walirudishwa Dar es Salaam mwaka 2010, na mwaka 2012 kazi ya kuwarudisha Kihansi ikaanza.

Twajua atakuwapo wa kucheka: nchi nzima ihangaike kwa ajili ya chura? Hatusemi ya kwamba chura ni sawa na mtoto azaliwaye chini ya taa ya hospitali, wala hatusemi ya kwamba umeme wa Kihansi usingalizalishwa. Tunalosema ni hili. Karatasi zilikuwapo na kazi ilikuwa imeruhusiwa, na hata hivyo jambo kubwa la mahali pale lilikuwa halijajulikana. Lilijulikana kwa sababu wako watu walioendelea kutazama baada ya karatasi kutiwa sahihi. Wangalitazama hivyo mapema zaidi, pangalikuwa na nafasi ya kuchagua: kiasi gani cha maji kiachwe korongoni, na bwawa lipangwe namna gani. Walipotazama baadaye, pakabaki kutengeneza tu, kwa gharama na kwa wasiwasi. Maji yakimwagika hayazoleki. Safari hii alikuwa chura; safari nyingine yaweza kuwa chemchemi ambayo kijiji kizima huteka maji.

Wala somo lile halikupotea bure, maana mradi wa kuhifadhi mazingira ya Kihansi, ulioanza mwaka 2001, ulichangia kutayarishwa kwa sheria ile ya mwaka 2004 tuliyoitaja. Hali kadhalika marehemu Baba Mtakatifu Fransisko, katika waraka wake Laudato Si' wa mwaka 2015, alifundisha ya kwamba tathmini ya mazingira isifuate nyuma ya mipango iliyokwisha kukatwa, bali iwemo tangu mwanzo, nayo iwe huru, isisukumwe na fedha wala siasa. Maana yake ni kwamba swali la madhara liulizwe wakati jibu bado laweza kubadili jambo.

Kutokana na haya twaona wajibu wa watu watatu.

Wa kwanza ni mkaguzi. Bahasha apewayo chini ya meza haimnunui yeye peke yake. Auzapo sahihi yake huuza kitu kisicho chake, yaani usalama wa watu waliomtuma bila kumjua. Lakini iko dhambi nyingine ya mkaguzi, isiyo na bahasha, nayo ni uvivu: kukagua ofisini badala ya kushuka mtaroni, kupima pale aonyeshwapo badala ya pale maji yatokapo. Mkaguzi wa namna hii halali njaa wala hapelekwi mahakamani, na huenda akasifiwa kwa upole wake. Hata hivyo bonde lamlipia.

Wa pili ni mwenye mradi na mkandarasi wake. Hao wana nguvu kuliko wote, na penye nguvu nyingi ndipo penye hesabu kubwa. Wakiweka tarehe isiyowezekana na kumfukuza kila aletaye habari mbaya, wasije wakashangaa wakikosa kuambiwa ukweli. Wamefundisha watu wao kuficha. Mkandarasi mwema humshukuru mnyapara asemaye leo kwamba ukuta wa bwawa la kutuamisha tope una ufa, kwa sababu asiyeziba ufa atajenga ukuta, na mara nyingine hujenga ukuta na kuzika watu.

Wa tatu ni mfanyakazi mdogo, na hapa swali lazidi ugumu. Dereva ameamriwa usiku kumwaga oili kuukuu korongoni. Karani ameamriwa kuandika ya kwamba maji yalipimwa kila juma, naye ajua hayakupimwa. Ana mke na watoto, na nje ya lango wapo hamsini wangojao nafasi yake. Tumwambie nini? Ni rahisi mtu aketiye mezani kumwagiza mwingine apoteze mkate wake. Hatutafanya hivyo. Twakiri ya kwamba aamriwaye kwa tishio hana hatia sawa na yule atishaye, na ya kwamba si kila mtu apaswa kwenda mbio kushtaki kila alionalo. Lakini uko mpaka. Kunyamaza kwa hofu ni jambo moja. Kutia sahihi yako chini ya uwongo ni jambo jingine. Aliyeandika ya kwamba maji ni safi, naye ajua hayakupimwa, amewaambia watu wa bondeni: kunyweni. Mpaka huo hatuwezi kumruhusu mtu auvuke, hata tukimwonea huruma. Na kwa kuwa kutouvuka kwaweza kumgharimu, ni juu yetu sisi wengine tusimwache peke yake. Chama cha wafanyakazi, viongozi wa kijiji, jamaa na waumini wenzake wamsimamie. Wamsaidie kusema jambo lake mahali panapofaa, na akikosa kazi kwa sababu ya haki asikose chakula.

Watasema wengine ya kwamba haya yote yangekwisha kama wakaguzi wangekuwa wengi na kuja kila siku. Ni kweli kwamba wengi wangefaa kuliko wachache, na ukaguzi wa kushtukiza wafaa kuliko ule uliotangazwa. Lakini hakuna nchi iwezayo kuweka mkaguzi nyuma ya kila dereva usiku wa manane. Siku za ukaguzi ni chache katika mwaka, na mto hutiririka siku zote. Basi hali ya maji yale, katika siku hizo nyingine zote, i mikononi mwa watu wasiotazamwa na mtu.

Na watu hao si wageni kwetu. Ni wana wetu na binti zetu, waliosoma kwa jasho letu, ambao leo ni mafundi, makarani, madereva na wahandisi katika miradi hii. Warudipo nyumbani likizo tumezoea kuwauliza habari za mshahara, na kama watajenga lini. Tuwaulize pia kazi yao yamwagia nini mtoni, na ni karatasi gani hutakiwa kuzitia sahihi. Wakituambia jambo zito, tusiwajibu ya kwamba hayo si yao, wanyamaze walinde kazi. Tuketi nao, tutafute pamoja njia ya kutokea.