Je, Huruma Yaazimwa?

Mbegu iliyowekwa darini ni chakula kama chakula kingine, lakini mkulima mwenye akili huvumilia njaa kuliko kuisaga. Amekwisha kuitenga kwa kazi moja, naye ajua ya kwamba akiila leo hatakuwa na la kupanda mvua zikinyesha. Basi yafaa tujiulize: vitu vilivyotengwa kwa ajili ya mgonjwa na majeruhi, je, ni halali kuviazima kwa kazi nyingine ikiwa kazi hiyo nayo ni ya lazima? Wengi watajibu upesi kwamba si halali. Lakini jambo hili si jepesi hivyo, na historia ya kikosi kimoja kidogo cha helikopta yaweza kutufundisha.

Mwezi wa Aprili 1962, jeshi la Marekani lilipeleka Vietnam ya Kusini Kikosi cha 57 cha Utabibu. Kilifika mji wa Nha Trang kikiwa na helikopta 5, na kazi yake ilikuwa moja tu: kuwachukua majeruhi kutoka mahali pa vita na kuwafikisha hospitali. Helikopta zake hazikufungiwa bunduki za rasharasha, bali zilichorwa msalaba mwekundu.

Mwaka haukuisha kabla ya kikosi hicho kujaribiwa. Helikopta za kivita zilizofika nchini zilikuwa za jamii moja na zake, na mashine ndogo za kuwashia injini zilikuwa adimu. Wakubwa wakaamuru mashine za helikopta za wagonjwa zitolewe, zipewe zile za kupigana. Mkuu wa kikosi, Kapteni John Temperelli, alipinga, lakini amri ilitekelezwa. Mwishoni mwa mwaka 1962 ulikuwapo muda ambao kikosi hakikuwa na helikopta hata moja iliyoweza kuruka.

Tusifanye haraka kuwahukumu wale wakubwa. Hoja yao haikuwa ya kipumbavu. Helikopta yenye silaha huzilinda zile zinazobeba askari, na askari wakilindwa, majeruhi hupungua. Kosa basi li wapi? Naona li hapa: siku ya kuazima, mwenye kutaka kuazima yupo, aweza kueleza shida yake, naye ana cheo cha kusikilizwa. Lakini yule ambaye kitu kilitengwa kwa ajili yake hayupo. Majeruhi wa kesho leo ni mzima. Anakula, anacheka na wenzake, wala hajui ya kwamba kesho atalala matopeni akingoja mlio wa helikopta. Hawezi kuja kujitetea. Ndiyo sababu kitu chake hakina budi kulindwa na kanuni isiyopinda, maana yeye mwenyewe hana mdomo.

Jaribu la pili lilikuja mwaka 1964. Jenerali Joseph Stilwell, aliyesimamia huduma za jeshi la nchi kavu la Marekani huko, alifikiria helikopta hizo zipewe misalaba ya kubandika na kubandua, ili siku ambayo hakuna majeruhi zichukue mizigo na watu wengine. Wazo hilo lafanana na busara ya mtu asiyependa hasara. Lakini Mkataba wa Kwanza wa Geneva wa 1949, katika kifungu chake cha 36, waitambua ndege ya wagonjwa kwa sharti la kuwa na kazi hiyo peke yake. Alama ibandikwayo asubuhi na kubanduliwa jioni haishuhudii tena neno lolote. Adui atajuaje ni saa ngapi aiamini? Tena rafiki aliyejeruhiwa atajuaje kama zamu ya leo ni yake au ni ya magunia?

Mkuu wa kikosi wakati huo alikuwa Meja Charles Kelly. Hakutoa hoja kwa maneno tu. Alihamia Soc Trang, katika nchi ya mabonde ya mto Mekong, akawa akiruka usiku kutoka kituo hadi kituo, akiuliza kwa redio kama wanao majeruhi. Tarehe 1 Julai 1964, karibu na Vinh Long, alitua chini ya risasi. Alipoambiwa aondoke, alijibu kwamba ataondoka atakapokuwa amewapata majeruhi wao. Risasi ikampiga, akafa, akiwa na umri wa miaka 39. Wazo la misalaba ya kubandua halikutimizwa. Kufikia mwaka 1968 helikopta za wagonjwa za jeshi hilo huko Vietnam zilikuwa 116.

Atatokea mtu wa kusema ya kwamba huruma isafiriyo na jeshi ni mtumishi wa vita. Kweli, helikopta ya wagonjwa haiwezi kuitakasa vita, wala haijibu swali kama vita ile ilikuwa ya haki. Lakini uovu wa vita nao haufuti haki ya mtu anayevuja damu. Helikopta hizo ziliwachukua Wamarekani na Wavietnam, askari na raia. Mtu akisaidiwa katika hatari ya kufa, hatuna ruhusa ya kumwambia kwamba alistahili kuachwa.

Hata hivyo, katika ushujaa wa Kelly limo jambo la kutuhuzunisha. Ilimlazimu kuwatafuta majeruhi gizani ili helikopta zake zionekane zina kazi. Hapo huruma ilitakiwa ijitetee kwa hesabu. Lakini pipa la maji lililowekwa kwa ajili ya moto halipotezi kazi yake kwa sababu nyumba haijaungua. Kukaa tayari nako ni kazi, tena kazi nzito, maana haionekani.

Wasomaji wapenzi, hatuna haja ya kwenda Vietnam ili kukutana na jaribu hili. Gari la wagonjwa likipakizwa saruji kwa kuwa leo hakuna mgonjwa. Fedha za dawa zikikopwa ili kuwapokea wageni. Mfuko wa wajane ukifunguliwa kwa shida ya haraka na ahadi ya kurudisha mwezi ujao: kila mara ipo sababu, na mara nyingi ni sababu njema. Twajua pia ya kwamba kukopa harusi, kulipa matanga. Basi kabla ya kunyosha mkono, tumtafute kwanza mwenye kitu, tumwombe ruhusa. Tukimkosa kwa kuwa bado hajaugua, wala hajafiwa, wala hajajeruhiwa, tumjibie sisi kwa niaba yake, na tukiache kitu chake mahali pake.