Tanga Dogo na Deni la Baharini

Wazee wetu wa pwani walituusia tusisafirie nyota ya mwenzio. Kwa miaka mingi niliichukua methali hii kuwa onyo dhidi ya kuiga, wala si zaidi. Asubuhi moja ya upepo mkali, kusini mwa Uingereza, ilinilazimu niitafakari upya.

Chombo cha mashindano kiitwacho ILCA, ambacho wengi bado hukiita Laser, huendeshwa na mtu mmoja. Kiunzi chake ni kimoja, lakini matanga yake ni ya vipimo vitatu: mita za mraba 4.7, 5.76 na 7.06. Upepo ukifika nodi 17 hadi 21, yaani daraja la 5 katika kipimo cha Beaufort, uchaguzi huo huwa mzito. Tanga lenye tumbo hushika upepo kupita kiasi, hivyo hunyooshwa kwa kukaza kamba zake. Usukani hukaguliwa usije ukachomoka chombo kikipinduka. Mikanda ya miguu hupimwa, kwa kuwa ndiyo imzuiayo baharia anapoegemea nje upande wa joshi. Na kizibo cha tundu la kutolea maji hukazwa barabara.

Siku ile nililionea haya tanga dogo. Wenzangu walifunga makubwa, nami mwepesi wa mwili nikafunga kubwa. Kwa pupa ya kuuwahi mstari, kizibo sikukitazama. Nilipopinduka, chombo kilikuwa kimekunywa maji, nami sikuweza kukiinua. Mshindani aliyekuwa mbele yangu aligeuza, akalegeza tanga lake, akakaa nami hadi mashua ya uokozi ilipofika.

Kanuni za kimataifa za mashindano ya matanga husema kwamba uamuzi wa kushiriki au kuendelea ni wa chombo chenyewe peke yake. Kanuni hizo hizo hukiamuru kila chombo kitoe msaada wote kiwezao kwa aliye hatarini. Ya kwanza hunipa uhuru. Ya pili humtwisha mwingine mzigo wa uhuru huo. Je, uamuzi ulio wangu peke yangu waweza kuwepo, ikiwa gharama yake hulipwa na mwenzangu?

Atasema msomaji kwamba aliyesaidia aweza kuomba afidiwe nafasi aliyoipoteza. Ni kweli, lakini fidia hurejesha alama tu; hatari aliyoikabili kwa ajili yangu hairejeshwi. Wala sisemi kwamba mwenye kuogopa kuwasumbua wengine abaki ufukweni, kwani hata aliyejiandaa vyema hupinduka. Tofauti ni hii: ajali imfikayo aliyejiandaa ni haja ambayo yeyote kati yetu aweza kuwa nayo kesho, na msaada wake ni amana tunayowekeana. Ajali itokanayo na uzembe huchukua amana hiyo bila ruhusa.

Kwa hiyo naona kuwa kukagua chombo ni wajibu kwa watu ambao huenda wakalazimika kunigeukia, kabla ya kuwa hila ya ushindi. Nyota ya mwenzio, siku ile, ilikuwa tanga lake.

Upepo ukivuma sasa, hufunga tanga dogo. Mara nyingi humaliza miongoni mwa wa mwisho, na kizibo hukigusa mara mbili kabla sijaondoka ufukweni.