MIKONO HAINA DAFTARI
Je, ni wajibu wetu kuchangia shule ya ukandaji?



Katika mkutano mmoja wa mtaa wetu hapa Bukavu, kijana mmoja alisimama kuomba mchango. Hakuomba kwa ajili ya matanga wala kwa ajili ya ndoa, mambo ambayo tumekwisha kuyazoea. Aliomba kwa ajili ya shule ndogo iliyoanza katika sale ya kanisa, ambamo wazee wawili wanaojua kukanda mwili na kuunga mifupa, pamoja na mtaalamu mmoja wa kineziterapia, wanafundisha vijana kazi ya mikono yao. Watu walicheka. Mama mmoja akasema kwa sauti: «Sasa hata kukanda ni masomo? Bibi yangu alikandaka batu bote ya mu kijiji, na hakuna mwenye alimulipiaka minerval!»

Nakiri kwamba mimi pia nilicheka. Lakini usiku ule sikupata usingizi vizuri, kwa sababu nilimkumbuka mama yangu mkubwa.

Mama mkubwa alikuwa muunga mifupa huko milimani Kabare. Alikanda pia watoto wachanga kwa mafuta ya mbegu za ngazi, na alikanda tumbo la mzazi kwa maji ya moto. Hakupokea feza. Ukimpa noti, alikurudishia, akisema kwamba mkono unaouzwa unapoteza nguvu. Sisi watoto tuliamini kwamba alifanya kazi ya bure. Nilipokuwa mtu mzima ndipo nilielewa jambo moja ambalo nilikuwa ninaliona kila mwaka bila kulifikiri: shamba lake halikulimwa na yeye. Majira ya kulima yalipofika, majirani walikuja na majembe yao, siku moja au mbili, wakalima, wakapanda maharagi, wakarudi kwao. Aliyekuwa na kuku alileta kuku. Aliyekuwa na chumvi alileta chumvi. Na binti wa ndugu aliyekaa kwake ili ajifunze, chakula chake kilitoka katika shamba lile lile.

Kwa hiyo mama wa mkutano alisema kweli nusu. Bibi yake hakulipiwa minerval, ni sawa. Lakini kijiji kizima kilikuwa kimelipa mbele ya mgonjwa kufika. Kile tunachokiita «bure» kilikuwa mchango wa watu wote, uliotolewa kwa jembe. Basi tusiseme kwamba kuchangia shule ya namna hii ni desturi mpya ya kizungu. Ni desturi ya zamani sana ambayo imepoteza shamba lake. Mjini, mzee anayejua kuunga mifupa hana shamba la kulimiwa. Analipa nyumba, ananunua maji, ananunua makala. Asipopata mtu wa kumsaidia, atafanya moja kati ya mambo mawili: atauza mkono wake kwa bei kali, ao atakufa na ujuzi wake.

Mama mkubwa alikufa na ujuzi wake. Yule binti aliolewa mbali, na sisi wengine tulikuwa tunakimbilia diploma. Siku moja nilimwomba anieleze namna ya kuunga mkono uliovunjika, ili niandike. Alinitazama kwa huruma, akasema: «Mutoto wangu, mikono haina daftari.» Alitaka kusema kwamba ujuzi huu haushikwi kwa masikio. Unashikwa kwa kukaa karibu na mwenye kujua, miaka mingi, ukiweka vidole vyako pale alipotoa vyake.

Sasa kuna watu wanaopinga, na hawapingi kwa ujinga. Mwenzangu mmoja, mwalimu wa biolojia, aliniambia: «Weye unataka tutoe makuta juu ya banganga ya kienyeji? Unasahau mutoto wa darasa la tatu?» Sikumsahau. Mtoto yule alivunjika mkono akicheza mpira. Wazazi walimpeleka kwa mtu mmoja aliyejiita muungaji. Alifunga mkono kwa vijiti vya mwanzi, akakaza kamba kwa nguvu zote, akawaambia wasifungue mbele ya majuma mawili. Siku ya tatu mtoto alilia. Siku ya tano aliacha kulia, na wazazi wakafurahi. Walipofika hospitali, vidole vilikuwa vimekuwa vyeusi. Walikata mkono. Leo anaandika kwa mkono wa kushoto.

Nimefikiri sana juu ya mtoto yule. Na nimekumbuka kwamba mama mkubwa naye alifunga kwa vijiti. Lakini kila asubuhi alitembelea mgonjwa. Aligusa kucha, akaibana kidogo, akangoja kuona kama damu inarudi. Aliuliza: vidole vinasikia baridi? Vinakufa ganzi? Kama jibu lilikuwa ndiyo, alilegeza papo hapo. Na kama mfupa ulikuwa umetoboa ngozi, hakugusa kabisa. Alisema mgonjwa apelekwe lopitali. Yule mtu wa vijiti aliona kazi hii mara chache tu kwa macho, halafu akaianza. Tofauti yao si uganga wa kienyeji na uganga wa kizungu. Tofauti yao ni kwamba mmoja alifundishwa na mwingine hakufundishwa. Mkono uliokatwa ule, kwangu mimi, ndiyo sababu kubwa ya kuwa na shule. Tukikataza, watu wataendelea kwenda kwa siri, kwa sababu hospitali ni mbali na bei yake ni nzito. Na wataenda kwa nani? Kwa wale wasiofundishwa.

Wasomi wa dunia nao hawakudharau mikono. Mwaka wa 1978, mkutano wa Alma-Ata juu ya afya ya msingi ulitaja waganga wa jadi, pale wanapohitajiwa, kati ya wale wanaoweza kufanya kazi hiyo kama wamefundishwa vizuri. Mwaka ule ule, huko Bogotá, Kolombia, daktari Edgar Rey, aliyekosa vyombo vya kutosha vya kuwatia joto watoto waliozaliwa mbele ya wakati, aliwaweka juu ya kifua cha mama zao, ngozi kwa ngozi. Leo Shirika la Afya Duniani linashauri njia hiyo kwa inchi zote, tajiri na maskini. Na mwaka wa 1986, huko Marekani, Tiffany Field na wenzake walikanda watoto wa namna hiyo mara tatu kwa siku, dakika 15 kila mara, kwa siku kumi. Uzito wao uliongezeka kila siku kwa 47% kuliko wenzao ambao hawakukandwa. Bibi zetu hawakuwa na hesabu hizo, lakini mikono yao ilijua njia.

Wengine wanasema: serikali ifanye. Sisi walimu tunajua neno hilo. Tangu miaka ya 1990 wazazi ndio walibeba mshahara wetu mgongoni, na hata masomo ya bure yaliyoanza Septemba 2019 ni ya shule ya msingi tu. Wengine wanasema: kila mwanafunzi alipe mwenyewe. Hapa ninaomba tufikiri vizuri. Nimeona miaka mingi watoto wenye akili wakifukuzwa darasani juu ya minerval, na wenye feza wakibaki. Katika shule ya mikono itakuwa vile vile: msichana mwenye mkono mzuri atarudi nyumbani. Na yule atakayemaliza baada ya kulipa sana, atatafuta kurudisha feza yake. Ataitafuta kwa nani? Kwa yule mama anayepandisha kilima na gunia la makala mgongoni, kamba kwenye paji la uso. Mama huyo mwili wake ndio shamba lake, na hana dola ya kukandwa shingo. Lakini aliyefundishwa kwa zawadi, tunaweza kumwomba bila haya ahudumie wengine kwa zawadi. Hii ndiyo haki ya mchango: unatengeneza deni ambalo halilipwi kwa mtoaji, linalipwa kwa mwingine.

Lakini kutoa si kutupa. Mali bila daftari hupotea bila habari. Shule inayoomba mchango lazima ionyeshe hesabu zake mbele ya watu wote: mafuta kiasi gani, vitanda vingapi, mwalimu alipata nini. Ya pili, ifundishe mipaka ya mikono, siku ya kwanza kabisa. Asiyejua nini hawezi kuponya, asiguse mtu. Ya tatu, ifundishe kuomba ruhusa. Hapa kwetu tunajua kwa nini. Wanawake wengi wa jimbo hili waliguswa kwa nguvu na kwa jeuri. Hospitali ya Panzi, ambayo daktari Mukwege aliianzisha mwaka wa 1999, imetufundisha kwamba mtu aliyeumizwa hivyo hatibiwi kipande kipande: anahitaji dawa, anahitaji kusikilizwa, anahitaji haki na kazi ya kuishi. Mkono wa mkandaji unaingia katika nyumba hiyo kama mgeni: unabisha hodi, na ukikataliwa unarudi.

Je, ni wajibu kwa kila mtu? Hapana. Mwaka wa 2025 vita ilifika mjini mwetu, mabenki yakafunga milango, na wengi wetu tulihesabu unga kwa kikombe. Asiye na unga wa watoto hana deni la shule yoyote. Lakini kutoa ni moyo, usambe ni utajiri. Na ni nani kati yetu ambaye hakukandwa siku alipozaliwa? Kuna mtu alitushika kabla hatujajua jina letu, na hatukumlipa.

Katika mkutano uliofuata nilitoa bei ya chupa mbili za mafuta. Ni kidogo. Ndiyo maana nimeongeza jembe langu: kila Jumamosi mchana ninaenda katika sale ile na daftari. Wazee wanashika, vijana wanaweka vidole, na mimi ninaandika yale yanayoweza kuandikwa. Yule mama aliyecheka tulikutana naye huko juma lililopita. Alikuwa ameleta mjukuu wake, akatafute nafasi.